Ile Pesa Tuma kwa Hii Namba: Historia Fupi ya Jinsi Tulianza Kuogopa Simu Zetu

Simu ikilia na namba haina jina, Mkenya wa leo anafanya moja kati ya haya matatu. Anaitazama mpaka ikate yenyewe. Ama anaitafuta Truecaller. Ama anaingia M-Pesa, anajifanya anatumia hiyo namba bob kumi, na jina likitokea anasitisha. Kushika tu na kusema "hallo" imekuwa kazi ya watu jasiri.

Tukiongea kuhusu hii mambo huwa tunaongea ni kama ilianza juzi, na lawama yote inaangukia yule aliyetapeliwa. Kwa nini ulishika? Kwa nini uliamini? Si ulisikia tu sauti ukajua ni konmani? Wajinga ndio waliwao, tunasema, halafu tunacheka. Mimi naona tunamcheka mtu asiyefaa. Hii shida ina historia ya zaidi ya miaka 20, na ukiifuata hatua kwa hatua utaona kitu ambacho hakuna mtu hutuambia: kila mara tulipoahidiwa kwamba sasa mpigaji atajulikana, aliyejulikana zaidi ni mpigiwa. Yaani mimi na wewe.

Wacha tuanze mbali kidogo.

Zamani kila simu ilikuwa ngeni

Kuanzia 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, simu za Kenya zilikuwa chini ya shirika moja la serikali la posta na simu. Wazazi wetu waliliita Posta, basi. Ukitaka laini ya nyumbani unaandika maombi, unalipa, halafu unangoja mpaka usahau kwamba uliomba. Kufika mwaka wa 2000 laini za mezani nchi nzima zilikuwa kama 300,000, na sisi tulikuwa tunakaribia watu milioni 30. Kwa hivyo watu wengi sana walizaliwa, wakasoma, wakaoa, wakazeeka bila kumiliki simu.

Sasa fikiria kitu kimoja. Ile simu ya mezani haikuwa na skrini. Ikilia huwezi kujua ni nani mpaka uinue mkono wake useme "hallo, nani mwenzangu?" Yaani kila simu ilikuwa namba ngeni, na kila simu ilishikwa. Tena Posta ilichapisha kitabu kinene chenye jina la mwenye simu, sanduku lake la posta na namba yake, yeyote asome. Namba yako ilikuwa wazi kwa nchi nzima na ulilala usingizi.

Si kwamba watu wa enzi hizo walikuwa malaika. Matapeli wa karata tatu walikuwa kila stendi ya basi. Ni vile kwa simu hakukuwa na kitu cha kuiba. Pesa ilikuwa benki ama chini ya godoro. Tapeli angelazimika kutumia pesa yake kukupigia, akuongeleshe mpaka umwamini, halafu utoke kwako uende Posta upange foleni umtumie mani oda. Nani ana hiyo subira?

Kwa hivyo vitu viwili ndivyo vilitulinda bila sisi kujua. Cha kwanza, ndani ya simu hakukuwa na pesa. Cha pili, kumpigia mtu kulikuwa ghali. Vyote viwili viliondolewa mmoja baada ya mwingine, na wakati vinaondolewa sisi tulikuwa tunapiga makofi.

Enzi ya flashi

Mwaka wa 1999 lile shirika likagawanywa: Telkom upande huu, Posta upande ule, na msimamizi wa mawasiliano, CCK, peke yake. Mwaka uliofuata biashara ya simu za mkononi ikaanza kwa nguvu. KenCell ikaingia, na Oktoba 2000 Safaricom ikaanza upya ikiwa na Vodafone kama mbia. Hapo ndipo zilitoka zile 0722 na 0733 ambazo mpaka leo wenyewe wanazitaja wakiwa wamesimama wima, ni kama wanataja shamba la urithi.

Simu ya mkononi ilikuja na kitu ambacho ya mezani haikuwa nacho: skrini inayokuonyesha nani anapiga, na mahali pa kuandika majina. Namba ngeni ilizaliwa siku hiyo. Ukiangalia vizuri, ngeni haimaanishi mtu usiyemjua. Inamaanisha mtu ambaye hujamseivu. Hizo ni habari mbili tofauti, na tapeli anaishi katikati yake.

Lakini miaka hiyo namba ngeni haikuwa ya kutisha. Mara nyingi ilikuwa ni mtu wako. Mama anapiga kutoka shags na simu ya jirani. Ndugu yako wa bodingi anapiga na simu ya mwalimu. Mjomba anapiga kutoka simu ya jamii, vile vibanda ambapo ulilipia dakika zako ukiongea mbele ya watu wote. Kama hungeshika namba ngeni, hungejua nani mgonjwa, nani amefika, nani anataka karo. Kitu pekee kilichoogopwa kilikuwa ile simu iliyoandikwa namba imefichwa. Kuficha kulihitaji tu kuweka #31# kabla ya namba, na kila mtaa ulikuwa na kijana aliyeijua akitumia kusumbua wasichana.

Halafu kulikuwa na flashi. Kredo ilikuwa ghali, kwa hivyo ulipiga, ikalia mara moja, ukakata kabla mwenzako ashike. Watu walikuwa na lugha nzima hapo. Moja: nimefika salama. Mbili: nipigie. Usiku sana: nakufikiria. Safaricom yenyewe ikaona haiwezi kushindana na hii kitu, ikatoa meseji ya bure ya kumwomba mtu akupigie. Kwa hivyo simu iliyokatika ilimaanisha kuna binadamu mahali, hana pesa, na anakuhitaji. Kurudisha simu kwa namba usiyoijua ilikuwa adabu njema tu.

Weka hiyo adabu akilini. Kuna watu walikuja kuitengenezea biashara.

Simu ikawa mfuko

Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa. Sina haja ya kueleza ilifanya nini. Wewe mwenyewe unakumbuka, ama mzazi wako anakumbuka, kumpatia kondakta wa basi bahasha ya pesa apeleke nyumbani ukiomba Mungu ifike. M-Pesa ilimaliza hiyo. Ilikuwa kitu kizuri na mpaka leo ni kitu kizuri.

Ila kinga ya kwanza iliondoka siku hiyo. Simu ikawa na pesa ndani. Na kwa mara ya kwanza namba yako ilifungwa pamoja na jina lako la kitambulisho na pesa yako. Ukimtumia mtu, jina lake linatokea. Na pale kwa ajenti kulikuwa na kile kitabu cha mistari: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Kimelala wazi kwa kaunta. Ukiandika yako, unasoma za watu kumi waliokutangulia. Posta iliwahi kuchapisha kitabu cha namba za watu. Kitabu cha ajenti kilikuwa kile kile, sasa kikiwa kimeongezwa namba ya kitambulisho na kiasi cha pesa ulichotoa.

Kinga ya pili iliondoka Agosti 2010. Zain, ambayo ilikuwa imenunuliwa na Bharti Airtel mwaka huo na ikakaribia kubadilishwa jina, ilishusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom ikafuata. Sisi tulifurahia, na tulikuwa na haki. Lakini hesabu ya tapeli ilibadilika siku hiyo hiyo. Kama kumsumbua mtu mmoja kunagharimu bob 3, unaweza kusumbua watu 100 kwa siku na ukihitaji mmoja tu aanguke.

Ndio zikaja zile simu tunazozijua wote. Umeshinda laki moja, tuma elfu mbili ya usajili. Hii iliuzika kwa sababu bahati nasibu za simu zilikuwa za kweli na watu walikuwa wanaonekana kwa TV wakilia na hundi kubwa mkononi. Mtoto wako ameanguka shuleni, yuko hospitali, daktari anataka pesa sasa hivi. Nimetuma pesa kwako kimakosa, ni ya dawa ya mama, nirudishie. Na ile fupi kuliko zote: ile pesa tuma kwa hii namba.

Hiyo ya mwisho naiheshimu kama kazi ya akili, ingawa ya kishetani. Haina jina, haina hadithi, haikudanganyi hata kitu kimoja. Inategemea tu ukweli mmoja kuhusu Kenya: kwamba siku yoyote ile, kuna Wakenya maelfu waliokuwa tayari wanajiandaa kumtumia mtu pesa. Mmoja wao akipata hiyo meseji saa hiyo hiyo, anadhani ni mwenye nyumba amebadilisha namba.

Simu nyingi za aina hii zimepewa anwani moja kwa mazungumzo yetu: Kamiti. Msako baada ya msako kwa lile gereza umetoa simu na laini kutoka kwa seli, na hakuna mtu amewahi kutueleza kwa uzito ni nani huziingiza. Mahali pengine ni Mulot, mji mdogo kwenye mpaka wa Bomet na Narok, ambao makachero wamevamia mara nyingi wakitafuta vijana wa kubadilisha laini za watu. Wakaazi wengi wa Mulot wanauza maziwa na viazi kama watu wengine, lakini jina lishachafuka.

Ahadi ya usajili

Serikali haikukaa kimya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 meseji za chuki zilizunguka nchi nzima na haikujulikana nani anazituma. Halafu kukawa na utekaji, watu wanaitisha fidia kwa laini ambayo ilinunuliwa kiosk na kutupwa jioni. Julai 2009 Rais Kibaki akaagiza kila laini isajiliwe. Usajili ukaanza 2010, na mwisho wa 2012 laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa zikaanza kuzimwa.

Ahadi ilikuwa wazi kabisa: kila namba itakuwa na mtu nyuma yake, kwa hivyo mhalifu hatakuwa na mahali pa kujificha. Na sisemi haikusaidia. Kuna kesi zimefuatiliwa kwa sababu ya huo usajili.

Lakini angalia ilivyofanyika mtaani. Laini ziliuzwa na vijana chini ya mwavuli, wanaolipwa kwa idadi ya laini walizosajili. Unampa kitambulisho, anakipiga picha, anakwambia "ngoja, imekataa, wacha nirudie." Kwa wengine ilikuwa imekubali mara ya kwanza. Ile ya pili ilikuwa ni laini nyingine, kwa jina lako, ambayo itaenda kwa mtu usiyemjua. Kwa hivyo tapeli akapata kitu ambacho hakuwa nacho kabla ya usajili: jina la mtu mwingine la kuvaa. Leo ukitumia ile mbinu ya M-Pesa kuona jina la mpigaji, jina unaloliona linaweza kuwa la mama wa watu asiyejua chochote.

Serikali yenyewe ilikubali kwamba kuna shida, maana 2022 tuliambiwa tusajili tena. Tarehe ya mwisho ilikuwa Aprili 15, foleni zikafika barabarani, ikasogezwa hadi Oktoba 15. Wengi wakapigwa picha za uso. Tukatoa zaidi kuliko mara ya kwanza. Kuna kitu kimoja kizuri kilibaki: ukipiga *106# unaweza kuangalia ni laini ngapi ziko chini ya kitambulisho chako. Ifanye leo. Ukiona namba usiyoijua, hiyo ni wewe wa pili, na hujui anampigia nani.

Vitabu, vitabu, vitabu

Hesabu umeandika namba yako mara ngapi mwaka huu. Soja wa lango la kila jengo Nairobi ana kitabu: jina, kitambulisho, simu, unaenda kuona nani. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, hoteli, makanisa na ofisi zikaweka daftari zao pia. Kanuni ya afya ilikuwa na maana. Lakini korona ilipoisha, hizo daftari zilienda wapi? Zilifungia nyama?

Wasichana wanajua hii stori kunishinda. Unaandika namba langoni saa nne, saa sita unapata "hi mrembo, niliona umeingia leo." Hiyo nayo ni simu isiyotakikana, hata kama haitaki pesa.

Wanasiasa nao wanajua wadi yako. Kila msimu wa kampeni unapata meseji inakuita kwa jina, inakutajia mahali unapigia kura, na hujawahi kumpa huyo mtu namba. Juni 2021 msajili wa vyama alipofungua mfumo watu wajiangalie, Wakenya wengi wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Kama mtu anaweza kukuingiza chama bila kukuuliza, kukupigia ni kitu gani?

Halafu zikaja programu za mikopo, na hapa ndipo kitabu cha namba kiligeuzwa silaha waziwazi. Unapakua, unabonyeza "kubali" kwa sababu unataka elfu mbili ya haraka, na kati ya hayo uliyokubali ni kwamba isome namba zote ulizoseivu. Ukichelewa kulipa, hawakupigii wewe peke yako. Wanampigia mama yako, bosi wako, mtu mliyeachana 2018. Yule mtu hajakopa kitu. Kosa lake ni kwamba ulimseivu. Kwake yeye hiyo ni namba ngeni inayomtukana saa moja asubuhi.

Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, na kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Machi 2022 kanuni za Benki Kuu zikakataza wakopeshaji wa mitandaoni kutisha watu na kupigia namba zilizo kwa simu ya mkopaji. Mwaka wa 2023 Google nayo ikazuia programu za mikopo kusoma namba za watu. Mwaka huo huo ofisi ya kamishna ikatoza kampuni ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5, na Septemba Mulla Pride, ya KeCredit na Faircash, ikapigwa faini ya shilingi 2,975,000, zote kwa mambo ya kutumia namba za watu bila ruhusa.

Nataja hizo faini kwa sababu moja. Miaka yote tuliambiwa mwenye makosa ni aliyeshika simu. Hapo kwa mara ya kwanza mtu mwenye mamlaka akauliza: na hii namba uliitoa wapi? Hilo ndilo swali lilifaa kuulizwa tangu kile kitabu cha kwanza cha ajenti.

Adabu yetu ikauzwa

Turudi kwa flashi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Japani kulizuka utapeli ulioitwa wangiri, neno linalomaanisha mlio mmoja halafu kukata. Mashine inapigia maelfu ya watu, inalia mara moja, inakata. Ukirudisha, unaunganishwa na namba ya nje yenye bei ya juu, unawekewa muziki ama sauti ya mtu anayesema "subiri kidogo", na kila sekunde sehemu ya pesa yako inaenda kwa mwenye mpango. Ilipofika huku ilikuta watu waliolelewa kurudisha flashi. Kwetu haikuhitaji hata kuelezwa. Kitu tulichofundishwa kama utu kikawa tundu la mtego.

Nasi tukakimbilia Truecaller, iliyoanzishwa Stockholm 2009 na Alan Mamedi na Nami Zarringhalam. Inasaidia, siwezi kukataa. Lakini jua inavyofanya kazi: sehemu kubwa ya majina inatoka kwa watumiaji wenyewe, kwa vile wanavyojiandika, wanavyoripoti, na wengine wanavyoruhusu namba zao zisomwe. Ndio maana unaweza kukutana na jina lako "Fundi Bomba Zimmerman" na hujawahi kujiunga. Na kwa sababu mtu anaweza kujiandika atakavyo, konmani anaweza kujiita huduma kwa wateja akiwa na ikoni ya kampuni. Kwa hivyo hata dawa yetu ya namba ngeni ilihitaji tutoe namba zaidi. Mtindo ni ule ule.

Sasa unafanya nini

Historia bila msaada ni porojo, kwa hivyo wacha niseme ninachojua kinafanya kazi.

Safaricom husema inapigia wateja kutoka 0722 000 000 peke yake, na hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya simu anayehitaji PIN yako. Lakini namba inayoonekana kwa skrini inaweza kughushiwa, kwa hivyo ukiwa na shaka kata, halafu piga 100 wewe mwenyewe. Mtu wa kweli hatakasirika ukimwambia utampigia. Tapeli ndiye hataki ukate, maana nguvu yake yote iko kwa haraka na kwa kukuzuia usiongee na mtu mwingine.

Ukiambiwa pesa imeingia kimakosa, usiamini meseji. Angalia salio lako kwa *334#. Ikiwa kweli imeingia, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie atume ile meseji yake ya M-Pesa kwa 456 airudishiwe kwa utaratibu. Ukiambiwa mtu wako yuko hospitali, kata na upigie mtu wa pili wa familia kabla ya kutuma hata shilingi.

Mtu akikwambia upige namba inayoanza na *21*, anataka simu zako zielekezwe kwake. Ukishaifanya, piga ##002# kufuta. Msimbo wowote wa tarakimu sita uliotumiwa kwa meseji ni ufunguo, hata kama anayeuitisha ni rafiki, maana huenda akaunti ya huyo rafiki imeshaibwa. Namba ya nje iliyolia mara moja, iache. Ukitaka laini yako isibadilishwe kiholela, Safaricom wana *100*100#. Meseji ya utapeli itume 333, ni bure. Matangazo ya biashara yanasimamishwa kwa *456*9*5#. Na kama ni mkopeshaji anayekusumbua kwa deni la mtu mwingine, weka rekodi na picha za skrini, peleka malalamiko kwa ofisi ya kamishna wa data. Sheria inawapa siku 90 kuyashughulikia.

Lakini kuna ushauri mmoja ambao siupendi, nao ndio maarufu kuliko wote: usishike namba ngeni. Anayeweza kuufuata ni mtu mwenye mshahara. Fundi wa mabati, dada wa kusuka, mtu wa boda, mtu kama mimi anayetafuta kazi za video, sisi sote tunakula kwa namba ngeni. Kijana ametuma barua za kazi 40, ile simu moja itakayobadilisha maisha yake itatoka kwa namba ambayo hajaiseivu. Mama anayengoja habari kutoka hospitali hajui watampigia na laini gani. Kumwambia huyo mtu asishike ni kumwambia achague kati ya kuibiwa na kukosa.

Kwa hivyo sitaki tuwe wajanja zaidi peke yake. Nataka wale waliochukua namba zetu waulizwe. Soja akikupa kitabu, muulize kinawekwa wapi kikijaa. Duka likitaka namba yako ili uuziwe mkate, sema hapana. Programu ikitaka kusoma majina yote kwa simu yako, kumbuka hayo majina si yako peke yako, ni ya mama na ya bosi na ya wale wengine. Na siku jirani yako ataliwa elfu tano na mtu aliyemwita kwa majina yake matatu, kabla ya kumcheka, jiulize huyo tapeli aliyasoma wapi.